Rebmann wa Rabai: alitenda wema, hakwenda zake

Mwaka 1846, huko Rabai, wamisionari wawili Wajerumani waliwakusanya watu wapatao kumi na watano kwa ibada ya kwanza. Mahubiri yalipokwisha, wazee wakaulizwa wameonaje. Mzee mmoja akajibu bila kuzunguka. Akasema kama watu wanatakiwa kuja mara kwa mara kwenye sadaka hii, basi wapewe cha kula na cha kunywa. Wakipata mchele na ng'ombe watakuja kila mara. Wasipopata watakaa makwao, maana hakuna mtu wa huku aendaye sadakani akarudi na njaa.

Wageni wale walihuzunika. Mimi kila nikiikumbuka habari hii hucheka kwanza, kisha humpa mzee haki yake. Kwa Mrabai wa siku zile kila jambo la dini lilikuwa sadaka, na hata leo, kuanzia Vanga hadi Lamu, mtu akikualika kwenye sadaka hutarajii kusikia maneno matupu pasipo sinia. Zaidi ya hayo, mzee yule aliuliza swali la maana kuliko walivyodhani wenyeji wake wa ibada. Aliuliza: tukitenda hili, tutapata nini?

Swali hilo lingeweza kugeuzwa likaulizwa upande wa pili. Ninyi mliotoka kwenu kwa merikebu, mkala homa na jua, mnatafuta nini hapa? Wa kwanza wa wawili hao, Ludwig Krapf, anajulikana na kila mtoto wa shule. Huyu wa pili, Johannes Rebmann, hutajwa mstari mmoja tu, kwamba aliuona mlima Kilimanjaro, kisha kitabu hugeuza ukurasa. Ni hasara, kwa sababu katika Wakristo wote walioishi pwani hii, sijui mwingine ambaye maisha yake yanalijibu swali la mzee kwa uwazi kama yake.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, kusini mwa Ujerumani, kwa wakulima wa mizabibu. Nchi ile ya Württemberg ilikuwa na Walutheri wa aina yake, watu wa kukusanyika majumbani kusoma Biblia, kukaguana mioyo na kuishi maisha ya kubana. Fundisho walilonyonya na maziwa ya mama ni kwamba matendo mema hayanunui pepo. Mtu ameokolewa kwa neema, na wema wake ni shukrani, kama mti uzaavyo matunda kwa kuwa ni mzima na si ili upate uzima. Kulikariri fundisho hilo ni rahisi. Kuliishi ni kazi, kwa kuwa moyo wa binadamu ni mfanyabiashara, na hata akisali huwa na mizani mkononi.

Hapa ndugu zangu Waislamu wanaosoma safu hii watatambua jambo wasilohitaji kufundishwa. Neno nia limekaa midomoni mwa watu wa pwani kabla ya Krapf wala Rebmann hawajazaliwa, na kila mtoto wa chuo anajua kwamba amali hupimwa kwa nia iliyo nyuma yake. Tofauti za dini zetu ni nyingi, lakini katika hilo padre na shehe wanaweza kukaa baraza moja wasigombane.

Kijana huyu alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, akaenda Uingereza, akapewa daraja ya uchungaji mwaka 1845, na chama cha wamisionari wa Kianglikana kikamtuma Mombasa. Alifika mwaka 1846, wakati Krapf alikuwa peke yake kwa miaka miwili. Mkewe Krapf, Rosine, alikuwa amekwisha zikwa ng'ambo ya kisiwa mwaka 1844, pamoja na kitoto chao kilichoishi siku chache tu. Kwa hiyo Rebmann hakuweza kusema hakuambiwa. Kaburi lilikuwa la kwanza kumpokea.

Wakapanda Rabai mwezi wa Agosti, wote wawili wakitetemeka kwa homa, wakaanza kujenga.

Miaka mitatu ya mwanzo ndiyo iliyompa jina. Mwaka 1847 alikwenda Taita. Mwaka 1848 akaelekea Uchagani na kikundi kidogo cha wapagazi, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyezijua njia za bara. Watu wenye busara walimwonya asiende bila bunduki za kutosha. Yeye alichukua mwavuli. Tarehe 11 Mei, asubuhi, akaona kileleni mwa mlima kitu cheupe alichodhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni nini, naye hakuwa na jina la kitu kile ila baridi. Neno letu la kila siku, tunalolisema tukifungua friji, ndilo lililomthibitishia Mzungu kwamba theluji inakaa karibu na mstari wa ikweta.

Habari ilipochapishwa London mwaka 1849, mwanajiografia mmoja mwenye sauti kubwa, William Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliikataa katakata. Kwake haikuwezekana theluji ikawepo pale, kwa hiyo haikuwepo. Rebmann alifanywa mtu wa ndoto. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, mpaka safari za von der Decken za mwaka 1861 na 1862, maneno yake yakakubaliwa. Leo kipande cha barafu upande wa kusini wa mlima kinaitwa kwa jina lake, na kinayeyuka. Nadhani lingemchekesha, kama alikuwa mtu wa kucheka.

Jambo la kuangalia ni alilolifanya wakati akibezwa. Mtu anayetafuta sifa akitukanwa hivyo angefunga safari kwenda London kujitetea, au angerudi mlimani na mashahidi. Rebmann alirudi Uchagani, ndiyo, mara mbili, lakini theluji haikuwa haja yake. Alitaka kupita kwenda mbali zaidi, hadi Unyamwezi, kutafuta mahali pa kuhubiri. Safari ya tatu, mwaka 1849, ilimvunja. Mangi Mamkinga wa Machame alimnyonya kwa zawadi mpaka nguo zote alizobeba za kununulia njia zikaisha, akageuka nyuma maskini na mgonjwa. Hakuwahi tena kusafiri namna ile. Waandishi wa habari za wavumbuzi humwacha hapo. Kwao hadithi imekwisha, mtu alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Yeye na Krapf hawakupatana juu ya kazi. Krapf alikuwa mtu wa ramani kubwa, aliota mlolongo wa vituo kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Rebmann aliona ni upuuzi kuruka huku na huko kabla ya kuimudu hata lugha moja. Akataka kukaa. Kukaa mahali pamoja, na watu wale wale, akisikia wanavyosema, mpaka aseme nao kama wao. Krapf aliondoka mwaka 1853, afya imemwisha. Erhardt, mwenzao wa tatu, naye akaondoka mwaka 1855. Wagner na Pfefferle walikuwa wamekufa kitambo, mmoja mwaka 1849, mwingine mwaka 1851. Rebmann akabaki na mkewe Emma, mwanamke Mwingereza aliyemwoa Misri mwaka 1851, katika kituo cha Kisulutini, pale pale Rabai.

Sifa ilimfuata tena hata alipokaa. Kwa kuwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara, Rebmann na Erhardt walichora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ilikosea, maziwa ni matatu, lakini ilizusha shauku. Mwanzoni mwa 1857 Burton na Speke walipanda Rabai kumwona, na Chama cha Jiografia cha London kilipenda aungane nao. Fikiria mtu aliyedharauliwa na wanajiografia, sasa wanajiografia wanamjia mlangoni. Hakwenda. Burton na Speke wakaondoka bila yeye, wakaliona Tanganyika, Speke akaliona na Nyanza, na majina yao yakajaa magazeti.

Sidai kwamba kukataa huko kulikuwa utakatifu mtupu. Rebmann alikuwa amechoka na njia, na Burton hakuwa mtu wa kusafiri na mchungaji. Tena siwezi kusahau kwamba ramani hiyo, iliyochorwa na watu wenye nia ya kuhubiri, iliwafungulia mlango waliokuja baadaye na nia nyingine kabisa. Nia njema haizuii tendo lisiende mahali ambapo mwenyewe hakulituma. Hilo tunalijua sisi ambao babu zetu waliamka siku moja wakajikuta chini ya bendera ya watu wengine.

Mwaka huo huo Wamasai walivamia pande za Rabai na kituo kikaachwa kwa muda. Rebmann na mkewe wakakimbilia pwani. Watu wengi wangeona hiyo ni ishara ya kufunga mizigo. Yeye hali ilipotulia alirudi Kisulutini.

Na waumini je? Kama alikuwa akihesabu, basi alihesabu kwa uchungu. Wa kwanza kubatizwa huko Rabai alikuwa Mringe, kiwete maskini, naye hakuishi sana baada ya ubatizo. Akaja Abe Gunja, Mgiriama, na mwanawe aliyeitwa Isaac Nyondo. Kisha wachache, polepole. Mwaka 1864 waliletwa kumsaidia vijana Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa India, akiwemo George David na William Jones. Huko Uingereza wakubwa wa chama walikuwa wakifungua hesabu za Afrika Mashariki na kuona miaka, gharama na makaburi, na upande wa faida wanaona kundi linaloweza kukaa chini ya mwembe mmoja. Jibu la mzee wa 1846 lilikuwa limetimia: hakukuwa na wali, na watu hawakuja.

Angeweza kuwapa wali. Hilo ndilo linalonifanya nimfikirie sana mtu huyu. Njia ya kujaza kanisa ilielezwa siku ya kwanza, tena bure, na mtu mwenye uzoefu. Wengine waliokuja nyuma waliitumia, na wapo wanaoitumia hata leo, na kamera pembeni ili unga na mafuta vionekane vikikabidhiwa. Rebmann aliona kwamba muumini aliyekuja kwa ajili ya sinia ataondoka na sinia. Pengine alikuwa mgumu kupita kiasi. Kumlisha mwenye njaa nako ni injili, na Yesu mwenyewe hakuwarudisha watu nyumbani na matumbo matupu. Lakini naelewa alichokiogopa: biashara ya pande mbili, huyu ananunua roho, yule anauza.

Ugumu wake ulikuwa na upande mbaya pia. Maandishi yake na ya Krapf yamejaa maneno makali juu ya watu waliowaita Wanyika, jina ambalo Wamijikenda wa leo hawalitaki. Tembo la mnazi, ngoma, kaya na desturi za wazee, vyote waliviona giza tupu. Mrabai akiyasoma leo ana haki ya kukasirika. Mtu anaweza kuwapenda watu kiasi cha kuyatoa maisha yake kwao na bado asiwaheshimu inavyostahili. Sijui kama Rebmann aliwahi kuona kwamba wenyeji waliomvumilia miaka yote ile, wakampa ardhi ya kukaa na kumwacha aseme alilotaka, nao walikuwa wakimtendea wema, bila kungoja shukrani kutoka kwake.

Kazi yake kubwa haikuonekana. Ilikuwa ya kukaa na mtu na kuuliza hiki mwakiitaje. Alikusanya maneno ya Kirabai na ya Kiswahili miaka nenda miaka rudi. Nami naona kilele chake si theluji bali mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini.

Salimini alitoka pande za ziwa Nyasa, nchi ambayo leo ni Malawi. Alikamatwa, akapelekwa pwani, akawa mtumwa Mombasa. Katika miaka ya 1853 na 1854 Rebmann aliketi naye, neno kwa neno, bila shaka Kiswahili kikiwa daraja kati yao, akiandika lugha ya huko kwao. Rebmann hakuwahi kufika Nyasa, wala hakufika hadi kufa. Hakukuwa na kituo huko, wala kanisa, wala mtu wa kusoma kamusi ile. Ilikuwa kazi isiyo na mteja. Chama hakingeweza kuhesabu muumini hata mmoja kutokana nayo.

Na Salimini mwenyewe? Wakati wake haukuwa wake, ulikuwa wa bwana wake. Lakini mtu aliyenyang'anywa kwao anapoulizwa jina la mto, la jembe, la mama, na mtu mwingine analiandika kwa makini kama kitu cha thamani, nadhani alipata kitu ambacho hakuna aliyempa tangu siku ya kukamatwa. Nikitaka kuona wema usio na hesabu, nawaona hao wawili barazani, mmoja hana uhuru na mwingine hana wasomaji.

Mtoto pekee wa Rebmann na Emma alifariki angali mchanga. Emma alifariki mwaka 1866. Rebmann akabaki Kisulutini. Macho yakaanza kufifia, na kwa mtu ambaye kazi yake ni karatasi, huo ni mkono kukatwa. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kumshinikiza Sultani wa Unguja afunge biashara ya watumwa, alipanda kumtembelea. Alimkuta mzee aliyejifungia na lugha zake, kando yake kikundi kidogo cha waumini. Frere aliona mahali pa kuanzia. Kutokana na ziara yake na shauku iliyowashwa na kifo cha Livingstone, chama kikaleta watu na fedha, na mwaka 1875 kijiji cha watumwa waliokombolewa kikaanzishwa Kisauni, tunachokiita Frere Town hadi leo. Majengo, kengele, shule, mamia ya watu. Yote ndani ya muda mfupi kuliko alioutumia Rebmann kutafsiri kurasa zake.

Mwaka huo huo, karibu kipofu kabisa, akaondoka. Alikuwa amekaa miaka 29, hajarudi kwao hata mara moja. Aliyemshika mkono safarini hadi Ujerumani alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja.

Hapa ndipo ninapopata jibu, kama lipo. Methali yetu inasema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Wengi huifahamu kama ushauri wa kujilinda: toa, kisha uondoke upesi kabla hujavunjwa moyo. Rebmann alifanya kilicho kigumu zaidi. Alitenda, shukrani hazikuja, naye akabaki palepale akizitazama zisivyokuja, mwaka baada ya mwaka. Anayetenda wema kwa hofu ya moto angeona deni limelipwa baada ya miaka kumi. Anayetafuta jina alipewa nafasi na Burton. Anayetaka idadi alikuwa na ushauri wa mzee. Kilichobaki, ukiondoa hayo yote, ni ama ukaidi ama upendo, na kwa mtu kama yeye sidhani mwenyewe angeweza kutenganisha. Imani yake ilimwambia hakuna cha kulipia. Aliishi kama mtu aliyeiamini.

Huko kwao alikaa Korntal, karibu na Krapf, wazee wawili waliogombana juu ya ramani wakiwa vijana. Akaoa tena, mjane wa mmisionari. Mwaka haukuisha, akashikwa na nimonia, akafa tarehe 4 Oktoba 1876, umri wa miaka 56.

Kamusi ya lugha ya Salimini ilichapwa mwaka uliofuata, 1877. Aliyeihariri na kuipeleka mitamboni ni Krapf. Kamusi ya Kirabai ilitoka mwaka 1887, Krapf naye akiwa amekwisha kufa. Wamisionari walikuwa wamekwisha ingia Nyasa, na kitabu kisicho na mteja kikapata wa kukifungua. William Jones, yule kijana wa 1864, alikuja kukiongoza kituo cha Rabai wakati watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walipokimbilia huko kwa wingi, na siku ya mwaka mpya 1889 watu zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru.

Ukipanda Rabai leo utalikuta kanisa la kale lililogeuzwa makumbusho, na karibu yake nyumba walizoishi wamisionari wa kwanza. Nyumba ya Rebmann ipo. Makumbusho yenyewe yanaitwa kwa jina la Krapf.